Kaa la Bibi: Siku Nane Kutoka Old Moshi Hadi Ziwa Chala

Siku ya kwanza, Jumatatu

Bibi alituamsha jogoo wa kwanza. Tulimkuta jikoni mbele ya mafiga, kajitanda kanga mbili juu ya sweta kwa ajili ya baridi ya Julai, na miguuni pake kijungu cheusi chenye majivu nusu. "Palieni," alisema. Mbega alichukua kigae akapalia kaa moja kutoka katikati ya moto, akalilaza juu ya majivu. Bibi akalifukia kwa majivu mengine, akaweka kipande cha samadi kavu pembeni, kisha akachoma tundu kwa kijiti ili kaa lipate pumzi. Kabla viberiti havijafika huku mlimani Kilimanjaro, moto ulihama nyumba hadi nyumba namna hiyo, na mtoto aliyetumwa kuomba moto kwa jirani alijua kutembea nao bila kukimbia na bila kuchelewa.

Tuko watatu. Majina ya nyumbani tuliyaacha mlangoni miaka mitatu iliyopita, Bibi akatupa mengine. Mbega ndiye mkubwa wetu. Huita ukungu ukaja, huufukuza ukaenda. Kinyonga ana kiini macho: akikushikia jani la mgomba utaona nyoka, na mwili utakusisimka kweli. Mimi ni Perere, na kipaji changu ni masikio. Nasikia maji yakipita chini ya mwamba, nasikia mchwa ndani ya boriti, na nikitulia nasikia kaa likipumua ndani ya majivu.

Wapo wanaosema tunafundishwa uchawi. Neno hilo linaniuma. Mchawi huroga, mganga hugangua, na anayeyachanganya hayo mawili hajapata kumwona Bibi akikesha siku tatu na mgonjwa wa mtu asiyemjua, halafu asiombe hata nauli. Mwanagenzi wake akiiva hupewa mkoba wa uganga. Hakuna mtihani wa kuandika. Kuna safari.

"Moto huu mtaufikisha Chala," Bibi alisema. "Yuko mzee pale ambaye mafiga yake yamepoa, anawangoja. Mkishamwashia, mchote maji ya ziwa, mniletee maji na moto." Kisha akatupa miiko mitatu, akituangalia mmoja mmoja. Aombaye moto hanyimwi. Mizungu ni ya njia, haifanyiwi mtu. Na habari ya moto haisemwi uongo.

Mbega akapewa kijungu, mimi kibuyu, Kinyonga jani moja la isale lililozungushiwa ukili.

"Hili la nini, Bibi?"

"La njiani."

Tulivaa makoti ya mitumba tuliyonunua Kiboriloni, tukashika njia. Bibi alikuwa ametuagiza tupite Tsudunyi kwenye mti wa Mangi Meli, chifu wa Old Moshi, tuamkie, tukae kimya kidogo. Mti bado upo. Wajerumani walimnyonga pale tarehe 2 Machi 1900, yeye na viongozi wenzake, na inaaminika kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Ukoo wake umekitafuta miaka mingi na hakijarudi. Kinyonga alinong'ona kwamba angeweza kuutolea mti ule kiini macho, tumwone Mangi amesimama, tumuulize. Mbega alimshika mkono. Mtu aliyenyang'anywa kichwa chake, tumnyang'anye na sura yake ili tujifurahishe? Tulikaa hadi umande ulipokauka kwenye nyasi, tukaondoka. Kinyonga hakusema kitu mpaka tulipofika kwa mwenyeji wetu wa usiku, na aliposema alisema "samahani," akiutazama upande tuliotoka.

Siku ya pili, Jumanne

Ukiutazama mlima kutoka barabara ya Himo utadhani ni mteremko mmoja. Upite ubavuni kwa mguu ndipo utajua. Ni korongo na korongo: unashuka mpaka mtoni, unapanda hadi magoti yanalia, na ukifika juu unaiona nyumba uliyotoka asubuhi iko ng'ambo tu, hata nguo kwenye kamba unaweza kuzihesabu. Migomba juu, mibuni chini yake, kinamama wanapanda kutoka tambarare na mizigo ya majani ya ng'ombe iliyowazidi kimo.

Tulipoingia Kirua tulikuta watu kama ishirini kwenye mfongo, mfereji wa maji wa Wachaga. Ukingo ulikuwa umebomoka, maji yote yanamwagikia kwenye mibuni ya watu huku vihamba vya chini, mashamba ya nyumbani, vikikauka. Tulisalimia, tukataka kupita. Mzee wa mfongo, jembe begani, akatusimamisha.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Mmekunywa maji haya leo?"

Nilikuwa nimejaza kibuyu asubuhi, juu kidogo, kwenye mfereji huo huo. "Tumekunywa," nilijibu.

"Haya." Akanipa jembe.

Hakueleza zaidi, wala hapakuwa na haja. Mifongo hii ilichimbwa na mababu kwa mikono, ikafuata kiuno cha mlima kutoka vijito vya msituni hadi vihambani, na tangu hapo sheria yake ni moja: maji yana zamu na kazi ina zamu. Asiyefika kwenye kazi hutozwa. Zamani alitozwa mbege, pombe ya ndizi, siku hizi hata fedha. Mimi nasema hakuna chuo cha haki kilichowahi kuishinda mifongo, kwa sababu pale tajiri na mjane husubiri mlango mmoja ufunguliwe.

Mbega alikuwa na haraka. Alituambia pembeni kwamba ukungu na maji ni ndugu, angeweza kuyasimamisha kwa neno moja, watu wazibe, twende. Akalisema neno. Maji yalisimama kweli, yakajikusanya kama ndama aliyeshikwa sikio, na watu wakashangilia. Lakini pumzi ya mtu ina mwisho. Alipovuta pumzi, maji yaliyokusanyika yalishuka kwa mkupuo mmoja yakasomba magogo ya migomba, udongo na kazi yote iliyofanywa tangu alfajiri. Mama mmoja alisimama katikati ya tope akitazama mahali alipokuwa ameshindilia udongo kwa visigino vyake. Hakutukana. Afadhali angetukana.

Mbega aliweka kijungu kwangu, akavua koti, akaingia kwenye tope kabla ya mtu kumwambia. Alifanya kazi hadi magharibi bila kuinua uso. Mimi nililaza sikio ukingoni nikawaonyesha pale maji yalipokuwa yakipenya chinichini, kwenye shimo la fuko lililoanza zamani na ambalo hakuna aliyeliona. Wakalichimbua, wakaliziba kwa udongo wa mfinyanzi, na safari hii ukingo ukashika. Usiku yule mama wa visigino ndiye aliyetupa mtori, akamjazia Mbega bakuli mara mbili.

Siku nzima kaa lilipumua vizuri.

Siku ya tatu, Jumatano

Hii ndiyo siku ninayoiandika kwa shida, na nimeahidi kuiandika yote.

Tulikuwa tumechelewa kwa sababu ya mfongo. Manyunyu yalianza saa nane, ukungu ukashuka mzito kuliko anaoweza kuuondoa Mbega, na giza likatukuta Kilema kwenye ukingo wa korongo. Zamu ya kubeba kijungu ilikuwa yangu. Tulipiga hodi kwenye nyumba moja tuombe hifadhi ya banda. Mama wa makamo akatoka na tochi ya simu. Shikamoo, marahaba, karibuni wanangu, banda lile pale, mlale. Kisha macho yake yakatua kwenye kijungu.

"Mna moto humo, wanangu? Gesi imetuishia, kiberiti kimelowa. Nina mzazi ndani."

Mimi nina masikio niliyopewa. Nilimsikia mzazi nyuma ya ukuta wa mbao, meno yakigongana kwa baridi. Nilimsikia mtoto, kale kasauti ka mtoto wa siku chache kanakokwaruza kama jani kavu. Nilisikia sufuria ya maji ya kumkogeshea ikiwekwa chini, maji baridi. Asingekuwepo mtu mwingine mlimani kote aliyejua kama mimi nilivyojua.

Na nilisikia kaa. Lilikuwa limepungua, kama ukucha wa kidole gumba. Nikawaza: nikiligawa litakufa. Nikawaza duka haliwezi kuwa mbali. Nikawaza mkoba. Hayo yote yalipita kichwani kabla sijafumba na kufumbua.

"Hapana, Mama. Ni majivu ya dawa."

Alinitazama kidogo tu. "Haya, laleni," akasema, akaingia ndani.

Mbega hakusema kitu. Kinyonga hakusema kitu. Tulijikunyata bandani karibu na ng'ombe. Baadaye nilisikia mlango ukifunguliwa, hatua zikishuka korongoni taratibu kwenye utelezi, kwenye ule ukungu, jiwe likibiringika. Nilijifunika koti kichwani. Haisaidii kwa mtu kama mimi.

Kaa lilikata pumzi usiku wa manane. Samadi ilikuwepo. Tundu lilikuwa wazi. Majivu yalikuwa makavu kama unga. Lilitoa sauti kama mtu anayemeza mate, basi.

Niliwaamsha wenzangu. Tulifukua kwa vidole gizani tukakuta kijiwe cheusi cha baridi. Mbega alilia, nami sijapata kumwona akilia. Kinyonga ndiye aliyesema: "Nipeni." Alikiweka kijungu mapajani, akapitisha kiganja mara tatu, na ndani ya majivu pakawa na wekundu mzuri unaopanda na kushuka, unaopumua kwa macho. Kwa masikio yangu palikuwa kimya.

"Tufike Chala," alisema, "halafu tutaona."

Hatukukubaliana kwa maneno. Tuliondoka kabla hakujapambazuka, bila kuaga.

Siku ya nne, Alhamisi

Marangu. Watu ni wengi, watalii na wapagazi wanapanda kuelekea getini, vijana wanauza kofia za sufu. Wazee wawili waliotambua kijungu walivua kofia zao. "Bado kuna watoto wanaobeba moto!" mmoja alisema, akatupa ndizi mbivu. Nilikula ndizi ile nikihisi nimeiiba.

Jioni tulifika Mamba. Uhunzi wa Mamba ni wa siku nyingi. Pale ndipo mikuki, majembe, mundu na kengele za ng'ombe vilipotoka, na mpaka leo wapo wanaofua, ingawa chuma siku hizi kinatoka kwenye springi za magari mabovu. Bibi alikuwa ametuambia tulale kwa mhunzi mmoja anayemfahamu. Tulimkuta akivukuta kwa mivukuto ya ngozi, cheche zikiruka, mjukuu wake akishika koleo.

Alipokea kijungu kwa mikono miwili. Nilitamani ardhi ipasuke. Kiini macho kinadanganya jicho, na mhunzi hamwamini jicho peke yake hata siku moja. Rangi ya chuma huitazama, lakini joto hulipima kwa ngozi. Alikiweka kiganja chake chenye makovu juu ya tundu, akakiacha hapo muda ambao mimi naona ulikuwa mwaka. Kisha akatukabidhi kijungu vilevile kwa mikono miwili.

"Wanangu," alisema, "moto huu una baridi."

Akarudi kwenye mivukuto yake.

Tulitoka tukakaa nje chini ya mparachichi. Mawingu yalikuwa yamefunguka, kama yafanyavyo jioni nyingine, na kutoka Mamba Mawenzi iko juu yako kabisa, imechanika, meno matupu, na Kibo nyuma yake nyeupe, imetulia. Kila mtoto wa mlimani anaijua habari yao. Mawenzi alizimikiwa moto akaenda kuomba kwa Kibo. Kibo alikuwa anatwanga ndizi kavu, akampa moto na ndizi juu. Ndizi zikamnogea. Njiani Mawenzi akauzima moto kwa mkono wake, akarudi: moto umezimika, ndugu yangu. Akapewa tena. Akauzima tena. Mara ya tatu Kibo akaujua uongo, akachukua mchi, akampiga mpaka akawa vile alivyo. Nilipokuwa mdogo nilimwonea Mawenzi huruma, niliona kipigo kimezidi. Jioni ile nilielewa kwamba sikuwahi kumsikiliza Kibo, jinsi alivyosimama na mchi mkononi, akikumbuka kwamba mara mbili alimwamini.

"Nitasema," niliwaambia wenzangu. Nikaingia nikamwambia mhunzi yote, kuanzia meno ya mzazi hadi jiwe lililobiringika. Kinyonga alikuja nyuma yangu, akapitisha kiganja juu ya kijungu, wekundu ukafa. Mbega naye akasema kwamba yeye ni mkubwa, alinisikia nikikataa, akanyamaza.

Mhunzi alisikiliza mpaka mwisho. "Chukueni kaa hapa kwangu," alisema. "Makaa ni mengi. Kesho mko Mwika, keshokutwa Chala."

Alisema kwa wema, na ninaamini hakututega. Ndiyo maana ilikuwa ngumu. Kaa lake lilikuwa la moto wa kweli, lingefika Chala salama, na kwa yeyote asiyeuliza tungekuwa tumemaliza. Usiku Kinyonga alihoji, tena kwa haki: yule mama hatutaki tena, tumrudie tumwongezee nini? Tulibishana mpaka mjukuu wa mhunzi akatuomba tulale. Mbega akakata shauri: kwanza Kilema.

Siku ya tano, Ijumaa

Nyuma, mguu kwa mguu, makorongo yale yale. Kurudi nyuma kuna uchovu wake. Watu waliotuona jana walituona tena tukielekea tulikotoka, kijungu kimebebwa wazi bila kifuniko, na wale wazee wawili wa Marangu walikuwa bado wameketi palepale. Mmoja alichungulia ndani, akaona majivu matupu. Akanyamaza. Tukamwamkia, tukapita.

Yule mama alikuwa uani anaanika kahawa. Nilimwona anachechemea. Goti lilikuwa limefungwa kitambaa.

Kinyonga alinipa jani. Kwetu isale hupandwa mpakani na makaburini, na anayekosa huenda nalo kwa aliyemkosea. Aliyepelekewa isale ni vigumu mno kukataa, nayo ni sheria nzito kuliko inavyoonekana, kwa sababu inambana aliyeumizwa. Nilikuwa nimeiona ikitolewa na watu wazima wenye kesi za mashamba. Sikuwahi kufikiri ningepiga magoti nalo mimi.

"Mama, juzi uliniuliza kama tuna moto. Tulikuwa nao. Nilikudanganya."

Aliacha kahawa. Alilitazama jani muda mrefu bila kulipokea, nikasikia moyo wake, na haukuwa moyo wa mtu aliyepoa.

"Nilijua," alisema. "Majivu ya dawa hayana joto, na wewe ulikuwa umekikumbatia kwa ajili ya joto. Nilishuka kwa jirani na kigae. Nilipanda nacho kwa goti moja. Mkwe wangu alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinalia." Akanyamaza. "Nilijiuliza, watoto wa nani hawa?"

Hakuna aliyejibu. Ndipo akanyosha mkono akalichukua isale, akalichomeka kwenye ukuta juu ya mlango wa jikoni. Hakusema yamekwisha. Aliingia ndani, nikasikia mafiga yakichokonolewa, na alipotoka alikuwa na kaa kwenye kigae, kubwa, jekundu hadi kiini.

"Leteni chombo chenu."

"Mama, hatukuja kuomba moto," Mbega alisema.

"Najua. Aliyezimikiwa huombewa hata asipoomba. Lile lilikuwa la bibi yenu. Hili ni langu, na mkiulizwa mtasema ni langu."

Alilifukia mwenyewe, akatafuta samadi kavu bandani, akachoma tundu kwa kijiti. Nyuma ya ukuta nilimsikia mtoto akinyonya. Hatukuondoka mara moja. Tulimkatia majani ya ng'ombe ya siku mbili, maana kwa goti lile asingeweza kushuka, na Mbega akafagia ukungu juu ya ua ili kahawa yake ipate jua hadi jioni. Hiyo ilikuwa mizungu ya kwanza katika safari hii niliyoiona imekaa mahali pake.

Siku ya sita, Jumamosi

Tuliondoka Kilema alfajiri, tukapita Marangu na Mamba bila kusimama ila kumwonyesha mhunzi kijungu. Aliweka kiganja, akakitoa haraka, akacheka. Tukalala Mwika.

Siku ya saba, Jumapili

Kutoka Mwika unashuka na dunia inabadilika. Migomba inakwisha, vumbi linaanza, miiba, mbuzi, joto linalokuvua koti. Huwezi kuamini kuna ziwa huko. Chala halionekani mpaka ufike ukingoni: ardhi inakatika ghafla, na chini kabisa, ndani ya kreta yenye kuta zilizosimama wima, maji ya buluu iliyoiva. Mpaka wa Tanzania na Kenya unapita katikati yake na maji hayana habari nao. Kushuka ni kwa kushika mawe na mizizi. Kuoga hatukuthubutu, kwa ajili ya mamba.

Mzee alikuwa amekaa juu, kwenye kibanda chenye mafiga matatu meupe kwa majivu ya zamani. Hakupokea kijungu. Alituita mmoja mmoja, mbali na wenzake, na swali lake lilikuwa moja.

"Moto huu ni wa nani?"

Nilipofika zamu yangu nilimweleza. Nilimwambia wa Bibi ulikufa mikononi mwangu na kwa nini, nilimwambia wa kiini macho, nilimwambia wa mhunzi tulioacha, nilimwambia huu ni wa mama wa Kilema mwenye goti. Ilichukua muda. Mzee alikuwa anachonga mpini, hakuacha kuchonga.

"Njoo huku," alisema mwishoni. Tukasimama ukingoni. "Wazee wanasema chini humu kuna mji uliozama. Mwenye masikio husikia ng'ombe wakilia na jogoo wakiwika. Bibi yako aliniambia una masikio. Unawasikia?"

Nilifumba macho. Nilitamani sana kuwasikia. Hadithi hiyo nimeipenda tangu utoto, na sikutaka kusimama pale mbele ya mzee aliyeningoja nikiwa mwanagenzi asiyesikia alichosikia kila mtu. Nilisikiliza mpaka kichwa kikauma. Nilisikia upepo ukizunguka kuta. Nilisikia ndege. Na chini, ndani ya mwamba, kutoka upande wa mlima, nilisikia maji: mvua ya msituni iliyozama ardhini miaka sijui mingapi iliyopita ikitembea gizani polepole, ikiingia ziwani pasipoonekana mto, na upande wa pili ikitoka tena kwenda kuibuka kwenye chemchemi za tambarare. Ni mlima wote ulikuwa unatiririka chini ya miguu yetu.

"Siwasikii, Babu. Nasikia maji tu. Yanatoka mlimani."

Aliacha kuchonga.

"Hata mimi sijapata kuwasikia," alisema. "Nimekaa hapa tangu ujana. Waliokuja kabla yako wote waliwasikia."

Akachukua kijungu, akainama kwenye mafiga. Usiku ule tulikula ugali na maharage kwa moto wa Kilema, na kabla ya kulala Mbega alishuka na kibuyu akachota maji, mimi na Kinyonga tukimshikia kamba.

Siku ya nane, Jumatatu

Bodaboda hadi Holili, gari hadi Himo, jingine hadi Kiboriloni, kijungu mapajani. Konda aliuliza ni nini. "Moto," nilisema. Akanipisha dirishani ili moshi usisumbue abiria, akatoza nauli ya watu watatu tu. Kisha tukapanda Old Moshi kwa mguu.

Bibi alikuwa barazani, kanga zilezile mbili. Jambo la kwanza nililosikia, hata kabla hajatuona, ni ukimya wa jikoni kwake. Hapakuwa na moto. Niliingia. Mafiga yalikuwa baridi, majivu yamefagiwa, masufuria yamepangwa safi, na kando kulikuwa na maganda ya ndizi mbivu na maparachichi. Majirani wana moto pande zote mbili, na duka la viberiti liko hatua mia kutoka kwake. Tangu asubuhi ile tulipopalia, hakuwasha. Siku nane, katika baridi ya Julai, na umri wake ule.

Nilishindwa kuongea. Mbega aliweka kibuyu chini. Kinyonga alionyesha mikono mitupu pale lilipokuwa isale, na Bibi alitikisa kichwa kwamba ameona.

Alikaa kwenye kigoda mbele ya mafiga, akaweka vijiti vikavu vitatu na majani makavu ya mgomba, akanyosha mikono nikampa kijungu. Hakukifungua.

"Huu ni moto wa nani, mjukuu wangu?"

"Wa mama mmoja wa Kilema, Bibi. Wako ulinizimikia. Aliniomba, nikamnyima."

Alinitazama. Uso wake ulikuwa na uchovu ambao sikuwa nimewahi kuuona, na machoni mlikuwa na maji. Akafukua majivu kwa kidole, akalipata kaa, akainama kulipuliza.

"Sogea," alisema. "Unisaidie."